Hondohondo na Neno "Huenda"

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona wa nyuma hamuitiki? Mmekula nini leo? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale, kale ile wanyama wakisema na sisi tukinyamaza, palikuwa na ndege akiitwa Hondohondo. Mdomo mkubwa, roho nzuri, lakini kichwani mambo yalikuwa yakimzungukazunguka.

Hondohondo alikuwa na mke. Na hao wana desturi yao, msicheke. Mke akitaka kutaga, huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo. Pa! Pa! Pa! Unabaki ufa mmoja, wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Mke hatoki mpaka makinda waote manyoya. Chakula chote huletwa na mume. Mume asipoleta, humo ndani kwanza ni kilio, halafu ni kimya.

Basi mke akaingia, akataga, akaatamia. Mayai mawili yakaanguliwa. La tatu likabaki kimya.

Kila asubuhi Hondohondo aliruka kwenda kwenye mkuyu wa Kima. Kima alikuwa bahili, lakini bahili wa kauli moja. "Makuyu matatu," alisema. "Chukua, nenda." Jana matatu. Leo matatu. Hondohondo aliyabeba kooni, akafika, akayatoa moja moja kwenye ufa. Kop! Kop! Kop! La mama, la kinda, la kinda. Yeye mwenyewe alikula panzi njiani.

Siku moja akakutana na Kasuku. Kasuku mdomo umejaa zambarau, maji ya zambarau yanamchuruzika kifuani.

"Ndugu Kasuku, huko mzambarauni, ng'ambo ya mto, kuna kitu?"

"Huenda," akasema Kasuku. Akaruka zake, pruuu!

Hondohondo akabaki tawini. Huenda? Nani huenda? Ahaa! Yeye Kasuku huenda! Huenda kila siku! Na nani aende kila siku mahali pasipo na chakula? Akafurahi, akarudi mbio kumweleza mkewe.

"Mke wangu, Kasuku kasema huenda!"

Sauti ikatoka ufani. "Huenda ipi, bwana? Huenda ya kwenda, au huenda ya labda?"

"Huenda ni huenda!"

"Siyo! Rudi ukamuulize."

Hakurudi. Mnawajua waume. Asubuhi akauacha mkuyu, akavuka mto. Akakuta zambarau, nyeusi, nono. Akabeba tisa! Kop, kop, kop, mpaka mkewe akasema basi. Makinda wakalala matumbo juu.

Siku ya pili akavuka. Mti mtupu. Popo wamekula usiku, hawakubakisha hata moja. Akageuka kukimbilia kwa Kima, lakini mkuyu uko upande mwingine kabisa, na Kima hutoa asubuhi tu. Akarudi koo tupu.

Siku ya tatu akavuka tena. Mtupu!

"Lakini Kasuku huenda," akajisemea, karibu alie. "Sasa huenda kufuata nini?"

Mkewe alimsema siku hiyo, jamani! "Watoto wako wanalia, wewe unafuata neno! Popo wakishiba wanabakiza, wakiwa na njaa hawabakizi. Hiyo ndiyo huenda yenyewe. Kwa Kima tunapata matatu, na humu ndani tuko watatu. Unatafuta nini kingine?"

Hondohondo akaona aibu. Akarudi kwa Kima. Matatu, matatu, matatu. Akaapa hatauangalia tena ule mzambarau, hata kwa jicho moja.

Kumbe lile yai la tatu lilikuwa linachelewa tu. Asubuhi moja, twa! Likapasuka. Kinda mdogo, mwekundu, mdomo wazi.

Hondohondo akaleta matatu yake. Kop! Kop! Kop! Mama hakula. Kesho yake tena mama hakula. Siku iliyofuata sauti ya ufani ilikuwa nyembamba.

"Bwana."

"Naam, mke wangu."

"Kesho nenda mzambarauni."

Hondohondo akashika tawi kwa nguvu asianguke. "Si ulinikataza mwenyewe? Si ulinisema majirani wakasikia?"

"Nilikukataza."

"Popo wameacha kula?"

"Hawajaacha."

"Basi kimebadilika nini? Mti ni ule ule! Mimi sielewi, mke wangu. Nikienda nimekosa, nisipokwenda nimekosa!"

"Mti haukubadilika. Sisi ndio tumebadilika. Tulikuwa watatu, leo tuko wanne. Kwa Kima ukienda kila siku, kila siku mmoja wetu hulala njaa, na huyo mmoja ni mimi. Nikifa mimi, nani atawafunika hawa? Matatu yalitutosha. Sasa matatu yanatuua polepole. Nenda."

Hondohondo hakulala. Alfajiri akaruka, moyo unamdunda, du, du, du. Akatazama upande wa mkuyu. Akatazama upande wa mto. Akavuka.

Mtupu.

Akarudi koo tupu, akaogopa hata kutua. Akangoja kusemwa. Mkewe akasema tu, taratibu, "Kesho nenda tena."

Akashangaa zaidi. Lakini akaenda. Na siku hiyo popo walikuwa wameshiba kwingine. Zambarau zimejaa, matawi yameinama! Akabeba mpaka koo likavimba. Kop! Kop! Kop! Kop! Kinda, kinda, kinda, na ya nne ikaliwa na mama mwenyewe. Na bado zikaja nyingine, na nyingine.

Mama akapumua. "Ulijuaje kama leo zitakuwepo?"

"Sikujua," akasema Hondohondo, machozi yakimtoka. "Mpaka sasa sijui."

"Basi hapo ndipo umeielewa huenda, baba watoto," akasema mkewe, akapitisha ncha ya mdomo ufani, akamgusa.

Sasa nyinyi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Kidogo cha uhakika kikikutosha, usikiache ukafuate kikubwa cha kubahatisha. Lakini siku kidogo hicho kisipokutosha tena, usikikumbatie ukafa nacho. Inuka ukajaribu. Na kabla hujachagua pa kwenda, hesabu kwanza midomo iliyo nyumbani.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mate yangu nayo yameishia hapo hapo.