Jinsi Mwalimu Nyani Alivyokwenda Mwezini

Paukwa.
Pakawa.
Paukwa shule.
Pakawa darasa.
Paukwa likizo.
Haijapata kuwa.

Haya, mmeitikia vizuri, kaeni. Najua wazee walikataza ngano za mchana, wakasema msimuliaji huota mkia. Na uote. Jioni mna masomo, Jumamosi mna masomo, likizo yenyewe mna masomo, sasa mimi nitawapata lini? Kuleni mihogo yenu na mnisikilize. Leo sina ngano ya kuchekesha, ila mkicheka sitawakataza.

Hapo zamani, wala si zamani sana, wanyama walikuwa na shule yao chini ya kilima chenye vichuguu. Mwalimu Mkuu alikuwa Nyani. Mwili mkubwa, mikono mirefu, mashavu yenye mifuko ya kufichia chakula, na tumbo lisilojua kushiba. Katika wanafunzi wake alikuwamo Sange. Sange ni kamnyama kadogo kama panya, miguu myembamba, pua ndefu kama mkonga wa kuazima. Aliishi na mama yake, wawili tu. Mama alikanyagwa na ng'ombe, mguu ukavunjika, ukaunga vibaya, na tangu hapo hakutoka shimoni. Alikula kile alicholetewa na mwanawe.

Sasa sikieni desturi ya wanyama wadogo. Chakula chao cha kiangazi ni kumbikumbi. Na kumbikumbi hawatoki siku unayotaka wewe. Mvua ya kwanza ikinyesha, jua likachomoza, wanatoka. Wanaruka siku tatu, siku ya nne huoni hata mmoja. Utakaowaokota siku hizo tatu ukawaanika, ndio hao hao mpaka mvua nyingine. Kwa hiyo shule ilikuwa na likizo wakati huo. Haikuwa likizo ya kucheza, ilikuwa likizo ya kuokota.

Nyani naye aliwapenda sana kumbikumbi. Lakini kila mwaka akifika kichuguuni, anakuta mikono midogo imeshatangulia. Akawaza, akajikuna, akaita mkutano wa wazazi.

"Ndugu wazazi," akasema, "dunia inakwenda mbio. Wenzetu binadamu wanapanda roketi wanakwenda mwezini. Watoto wetu wanaokota wadudu. Mwaka huu nimeanzisha Mpango Maalumu wa Masomo ya Likizo. Watasoma roketi."

Wazazi wakapiga makofi. Mzee Kobe, mwenyekiti wao, akainuka, na kuinuka kwenyewe kukachukua muda. Akasema, "Mwalimu, wa kwangu mwandike wa kwanza. Mtoto wa jirani asome roketi, wangu awe anachimba kichuguu? Haiwezekani."

Basi hakuna aliyetaka wa jirani amtangulie. Digidigi akaandikisha, Kindi akaandikisha, Kanga akaandikisha na walio bado kwenye mayai. Chakula cha kiangazi nani atakiokota? Hakuna aliyeuliza. Mama Sange alipoletewa habari shimoni alilia kwa furaha. Alisema, "Mimi sikusoma, mwanangu. Wewe soma."

Mvua ikanyesha. Siku ya kwanza jua likachomoza, kumbikumbi wakatoka. Watoto wamefungiwa darasani.

Nyani alikuwa na kitabu kimoja cha roketi, nacho hakikuwa kitabu. Kilikuwa kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua. Kimelowa mafuta, na chini kimechanika pale pale habari za kurudi zilipoanzia. Akakisoma mara moja, akasema, "Karirini. Mimi natoka kidogo. Nikisikia kimya, narudi na fimbo."

Ndani watoto wakaimba:

Roketi hupaa, fyuuu.
Huko juu hakuna hewa.
Anayefungua mlango, mapafu paa.

Nje Nyani akala: chwa, chwa, chwa.

Ndani: Roketi hupaa, fyuuu. Nje: chwa, chwa, chwa. Ndani: Huko juu hakuna hewa. Nje: chwa, chwa, chwa. Mpaka jua likazama, na kichuguuni hakikubaki kitu.

Sange akamfuata Nyani pale alipoketi, tumbo mapajani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekariri?"

"Nimekariri. Mwalimu, naomba ruhusa ya kesho tu. Mama yangu hawezi kutembea na ghalani hakuna kitu ila kibuyu kimoja cha mwisho."

"Mama yako anataka nini? Wadudu, au mtoto aliyefika mwezini?"

"Anataka kula, Mwalimu."

Nyani akamchapa fimbo mbili kwa kukosa maono. Ndiyo sababu aliyotoa, kukosa maono. Nyani haoni kundule, lakini maono ya wengine anayaona yalivyopungua.

Siku ya pili jua likachomoza, kumbikumbi wakatoka. Ndani: Roketi hupaa, fyuuu. Nje: chwa, chwa, chwa. Sange aliimba na wenzake, pua imeelekea dirishani. Harufu ya kumbikumbi iliingia, mate yakamjaa. Imebaki siku moja, akasema moyoni. Siku moja ya mtu mwenye mikono miepesi inatosha. Basi jioni akamfuata tena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ruhusa hakuna."

"Sikuja kwa ruhusa, nina swali la somo. Kumbikumbi wakiruka hufuata nini?"

"Mwanga. Hata mjinga anajua."

"Na huko juu, mwanga wa kutua ni upi? Jua linaunguza."

"Mwezi."

"Hawa unaowaokota chini ni wale wazito walioshindwa. Wepesi wanapanda. Wanapanda tangu dunia iumbwe, na hatujaona hata mmoja akirudi. Sasa huko mwezini wamerundikana kiasi gani, Mwalimu?"

Nyani akaacha kutafuna.

"Binadamu wanahangaika na roketi miaka yote hiyo," Sange akasema. "Unadhani wanakwenda kuangalia mawe?"

Nyani akatazama juu. Akatazama tumbo lake. Akatazama juu tena. "Nani mwingine anajua habari hizi?"

"Hakuna. Na sisi wanafunzi tumeshaunda roketi, ndio mradi wetu wa likizo. Wazazi wanakuja kesho adhuhuri kuikagua. Lakini kwa desturi yetu kitu kipya hakiguswi kabla mkubwa hajakizindua. Ukizindua asubuhi, wao watakuta umeshatangulia."

Roketi ilikuwa pipa la mafuta lililoachwa na watengeneza barabara. Lilikuwa na tundu ubavuni na mfuniko wa kusukuma kwa ndani. Watoto walilipaka majivu usiku, wakaliweka ukingoni mwa korongo. Kando wakaweka mabua ya majani ya mpapai yaliyounganishwa, marefu, yenye uwazi katikati, ya kuchomekwa kwenye tundu pipa likishatua. Hiyo ndiyo simu, na ndiyo njia ya hewa.

Siku ya tatu, jua halijachomoza vizuri, Nyani akaingia. Alibana pumzi, akabana tumbo, akajifunika mwenyewe. Sange akaanza kuhesabu, kumi, tisa, nane, na wenzake wakaligonga pipa kwa mawe, ngo, ngo, ngo. Ilipofika moja wakalisukuma kwa mabega. Pipa likashuka korongoni, gudugudugudu, likaruka jiwe, likapiga mti, likasimama wima kichakani, ti.

Watoto wakashuka, wakachomeka bua kwenye tundu, wakalinyoosha mpaka ukingoni. Sange akaweka mdomo kwenye bua.

"Mwalimu, umefika?"

"Nimeona nyota," Nyani akajibu kwa sauti ya mbali. "Nyingi. Nadhani nimefika."

"Hongera, Mwalimu."

"Kumbikumbi wako wapi?"

"Wako nje ya roketi."

"Nje hakuna hewa."

"Ndiyo, Mwalimu. Ulitufundisha."

Nyani akajikuna ndani ya pipa. "Sasa narudije?"

"Hapo ndipo ukurasa ulipochanika, Mwalimu."

Mfuniko haukuwa na kufuli. Haukuwa na kamba wala jiwe juu yake. Mtoto wa kindi angeusukuma kwa kichwa ukafunguka. Lakini Nyani alikuwa amelisikia somo lake siku mbili mfululizo, kutwa nzima, na jambo ukilisikia kiasi hicho linakuwa kweli hata kwa aliyelianzisha. Akakumbatia magoti yake ndani ya pipa, akakaa.

Jua likachomoza, kumbikumbi wakatoka. Watoto wakachukua vikapu. Hapa ndipo mngetaka nimalizie, najua, nikawaambia wakaokota wakashiba. Natamani kuliko ninyi. Lakini Mzee Kobe alikuwa ameshafika. Mkutano ulikuwa adhuhuri, naye kwa kujijua mwendo wake alianza safari juzi, safari hii akawahi.

"Mnakwenda wapi na vikapu?" akauliza. "Mwalimu yuko wapi?"

Kabla Sange hajajibu, bua likasema: "Hapa ni mwezini. Nani anauliza?"

Mzee Kobe akavuta kichwa ndani ya gamba, akakitoa tena. Wazazi wengine nao wakaanza kufika mmoja mmoja. Wakainamia bua, wakasikia sauti ya Mwalimu wao ikitoka mwezini. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Kanga akalia. "Kumbe masomo haya ni ya kweli," wakasema.

Sange akaona siku inakwenda. Akasimama mbele yao. "Wazee wangu, nisameheni. Nimedanganya. Mwalimu hayuko mwezini. Yuko korongoni, ndani ya pipa. Njooni muone, kisha mtuache tukaokote."

Wakashuka korongoni. Wakaliona pipa. Mzee Kobe akaligonga, ngo, ngo. Sange akashika mfuniko, akavuta. Na Nyani, mwenye nguvu kuliko wote shuleni, akaushikilia kwa ndani kwa mikono miwili.

"Msifungue," akapiga kelele. "Huku hakuna hewa. Mapafu yangu jamani."

Wazazi wakatazamana. Mzee Kobe akamgeukia Sange, na wala hakumkasirikia, alimwonea huruma.

"Mwanangu, Mwalimu Mkuu mwenyewe anasema yuko mwezini. Wewe mwanafunzi unasema yuko korongoni. Kati yenu nani amesoma?"

"Lakini pipa si hili, mzee? Umeligonga kwa mkono wako."

"Nimeligonga. Lakini mimi sikusoma, nitabishana naye vipi?"

Watoto wakarudishwa darasani. Mlango ukaegemewa na baba zao, kwa upendo kabisa. Lile bua likavutwa mpaka dirishani, Mwalimu Nyani akaendelea kufundisha kutoka mwezini. Roketi hupaa, fyuuu. Huko juu hakuna hewa. Nje kumbikumbi waliruka kwa maelfu, wakaanguka, wakatambaa, na hakuna hata mzazi mmoja aliyeinama kuokota, maana wote walikuwa wanasikiliza somo. Kunguru wakashuka. Chwa, chwa, chwa.

Jioni wakafunguliwa. Sange akakimbilia kichuguuni. Akakuta mabawa. Ardhi yote imefunikwa mabawa makavu, na hata kumbikumbi mmoja mwenye mwili hayupo. Akapekua mpaka pua ikachubuka. Mwisho akajaza mabawa kwenye kikapu, kwa sababu alishindwa kurudi na kikapu kitupu.

Akamkuta mama yake ameketi mlangoni mwa shimo, amejikokota mpaka pale, anatabasamu.

"Nimesikia," mama akasema. "Mwalimu wenu amefika."

"Mama, sikupata kitu."

"Usijali. Mzee Kobe amemtuma Mama Kanga hapa. Wanamkusanyia Mwalimu chakula, wamtumie kwa lile bua. Yuko safarini kwa ajili yenu, atakaaje na njaa? Kila nyumba imetoa."

Sange akakitazama kibuyu kule ndani. Kiliinamishwa, mdomo chini.

"Mama, umetoa kiasi gani?"

"Vilivyokuwepo vyote," mama akasema. "Nimemwambia Mama Kanga ataje jina lako. Mwakani na wewe upelekwe."

Sange akaketi karibu na mama yake, mama akatia mkono kikapuni, akatoa mabawa, akatafuna polepole, akasema yamekauka vizuri. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Mama Sange hakuifikia mvua.

Na Nyani? Alinenepa. Kila nyumba ilimtumia chakula kwa bua, naye akaendelea kufundisha. Mpango wa masomo ukaongezwa, likizo zote tatu za mwaka, na hakuna mzazi aliyepinga.

Basi, funzo la ngano yetu ni nini? Funzo ni kwamba Sange alikosea. Watoto, msikose masomo ya likizo. Elimu haina mwisho. Mwalimu akisema yuko mwezini, yuko mwezini, na ninyi mkiliona pipa fumbeni macho mkariri. Mkifanya hivyo mtafika mbali, na mama zenu watafurahi sana kwa muda wote watakaokuwepo.

Nimefika mwisho, ngano nimeitua.
Tumeipokea.
Uongo wake nirudishieni.
Chukua.
Na ukweli wake?
Tumeshaukariri.