Fuko Aliyetoka Shimoni Kuupanga Mji

"Wenyewe mpo?"
"Tupo!"
"Mmeketi?"
"Tumeketi!"
"Paukwa?"
"Pakawa! Pakawa na mji, pakawa na maji!"

Basi, hapo kale palikuwa na Fuko, fundi wa mfereji. Mfereji wenyewe ulipita chini ya ardhi, kutoka chemchemi hadi kwenye mji wa wanyama. Fuko aliuchimba, krukru-krukru. Fuko aliuzibua, krukru-krukru. Masika kumi na mawili yakapita, hakuna aliyeijua sura yake. Walijua maji tu.

Siku moja Kakakuona, msanifu wa mji, alitangaza kuwa amechoka. Msanifu hachimbi. Msanifu huamua nyumba ikae wapi, njia ipite wapi, maji yafike kwa nani na vipi.

"Nani atashika nafasi yangu?" akauliza.

Fuko akanyoosha ukucha kutoka shimoni mwake. Kiboko akaangua kicheko, ho-ho-hooo!

"Wewe? Wewe unajua shimo lako tu! Msanifu ni mimi. Na mpango wangu ni huu: maji yote yapite kwangu kwanza."

Wanyama wakainamisha vichwa. Nani ambishie Kiboko?

"Rudini baada ya siku saba na michoro," akasema Kakakuona.

Maneno ya Kiboko yalimchoma Fuko, kwa kuwa yalikuwa kweli. Asubuhi akatoka shimoni, jua likamchapa machoni, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Hodi! Bi Nungunungu, maji yanakufikiaje?"

"Yananifikia kitandani, baba! Mfereji wako ulinibomolea chumba masika ya juzi."

Fuko akanywea. Mfereji ule ndio aliojivunia kuliko kitu chochote. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ulishawahi kuchomoza?"

Akaomba radhi. Akaenda kwa Mnana. Mnana alitaka tope kidogo tu la kiota. Akaenda kwa Kobe. Kobe alitaka njia isiyo na mteremko. Fuko akasikiliza, akachora, akafuta, akachora tena.

Siku ya saba Kiboko alikuja na tumbo lake tu. Fuko akatandaza mchoro. Mifereji yote iliishia uani kwa Kiboko!

"Bwana mkubwa, huu nimekuchorea wewe," akasema Fuko kwa adabu. "Maji yote kwako. Na mwenye haja ya maji atakuja kwako."

"Barabara kabisa!" akanguruma Kiboko. Mji mzima ukamwona Fuko msaliti.

Lakini nani ambishie Kiboko? Mifereji ikachimbwa. Kiboko akajitosa, chubwiii! Akafumba macho.

"Hodi! Maji yangu yana mchanga," akasema Nungunungu.

Kiboko akafumba macho tena.

"Hodi! Tope langu limekauka," akasema Mnana.

Akafumba tena.

"Hodi..." akaanza Kobe, na Kobe akianza kusema hamalizi leo.

Siku ya kwanza hodi, siku ya pili hodi, siku ya tatu hodi. Mfereji mmoja ukiziba, mji mzima unapiga kelele mlangoni kwa Kiboko. Siku ya nne akamwendea Fuko, macho mekundu kama pilipili.

"Ndugu yangu Fuko, yaondoe!"

"Niyapeleke wapi, bwana mkubwa?"

"Popote! Amua wewe!"

"Basi liseme hilo mbele ya wote."

Kiboko akalisema. Fuko akatoa mchoro wa pili, ule aliouchora nyumba kwa nyumba: kila mmoja na mkondo wake, Kiboko na bwawa lake, na chumba cha Nungunungu kimeepukwa kwa mbali. Kakakuona akautazama mara moja tu, akamkabidhi kazi.

Kuchimba akapewa Panya Buku. Fuko akasimama juani kumtazama. Panya Buku alichimba kombo, krukru-krukru, na kucha za Fuko zikawasha. Alitamani aruke shimoni amnyang'anye kazi. Akazificha mgongoni.

"Ukifika kwenye mwamba," akamwambia, "pinda kushoto." Kisha akaenda kubisha hodi nyumba inayofuata.

Hadithi nimeitua hapa, mwenye nguvu aibebe. Na funzo lake, wapendwa, ni hili: ukitaka cheo, usiwaulize majirani chochote, kaa zako shimoni. Na ukipewa maji yote ya mji, yachukue haraka, ukalale vizuri.