Dagaa Ndani ya Uji wa Nyemo

"Kisichoulizwa nacho huliwa." Mmemsikia muuguzi akimwambia mwenzake hivyo pale zahanati, na sasa mnataka kujua msemo huu ulitoka wapi. Ulitoka kijijini hapa hapa, nami nilikuwapo, maana wakati huo nilikuwa katibu wa kijiji.

Mwaka ule walikuja watu wa lishe na dodoso, yaani karatasi ya maswali juu ya vyakula. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza: nyama mnakula mara ngapi kwa wiki? Samaki je? Mtoto ambaye karatasi ingeonyesha kwamba hapati lishe ya kutosha angepelekwa kituo cha mjini, akae huko miezi mitatu.

Bibi Mangwela alikuwa akimlea mjukuu wake Nyemo, yatima wa miaka mitatu. Alijibu bila kuficha. Nyama hakuna. Samaki hatuli. Karanga hatutafuni. Nyumba yake ikapata alama ya chini kuliko zote, na jina la Nyemo likawa la kwanza kwenye orodha ya safari. Bibi alikuja ofisini kwangu, akakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Hakuwa na mtu mwingine duniani.

Lakini kabla ya safari ilibidi dodoso lenyewe lipimwe, ijulikane kama linasema kweli. Kazi hiyo alipewa binti mmoja, Asnathi, aliyekuja na mizani ndogo. Alikaa jikoni kwa Bibi siku nne, akipima kila kilichoingia chunguni, na jioni akipita na mizani yake nyumba nyingine chache.

Asubuhi ya kwanza alimwona Bibi akichota unga wa kijivu na kuukorogea kwenye uji wa mtoto.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Dagaa. Nimewatwanga."

"Mbona ulisema samaki hamli?"

"Samaki ni yule mkubwa, mjukuu wangu, wa kukaanga. Dagaa hakuna aliyeniuliza."

Mchana akaona karanga zilizosagwa zikimiminwa kwenye mlenda.

"Na hizi?"

"Waliniuliza kama tunatafuna. Hizi ni za kuungia mboga."

Siku ya tano Asnathi alimwambia mkubwa wake mbele yangu, "Mtoto huyu anakula vya kutosha. Maswali yetu ndiyo yaliyokosea." Yule bwana alizisoma hesabu mara mbili, kisha akalikata jina la Nyemo. Mtoto mwingine, ambaye baba yake alijitapa kwa nyama isiyokuwapo, akaongezwa.

Mimi na Asnathi tukapeleka habari.

"Haendi?" Bibi akauliza.

"Haendi."

Akakaa kizingitini, akavuta pumzi ndefu, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Basi waandikeni dagaa kwenye karatasi yenu," akamwambia Asnathi. "Kisichoulizwa nacho huliwa."

Wakaandika, na maneno yake yakabaki kwetu. Nanyi mkitaka kusema fulani hana kitu, jiulizeni kwanza mlimuuliza nini. Kisichoulizwa nacho huliwa.