Thamani Mbili za Bucha ya Fisi

Jua la mwaka ule liliwaonea wanyama waziwazi. Lilikausha mto, likakausha na matope ya mto, hata vyura wakafunga virago wakahama na watoto wao. Sokoni yakabaki maduka mazuri na mitungi mitupu. Chemchemi ilikuwapo mlimani, lakini ili maji yateremke ilibidi mfereji uchimbwe, na Muhanga, fundi wa kuchimba, hakuwa wa kufanyishwa kazi kwa ahsante.

Simba, mkuu wa soko, akapanda juu ya jiwe, akatikisa manyoya ya shingo ili yaonekane vizuri, akatangaza.

"Kila mwenye jengo la biashara atatoa mtama wa kuwalisha wachimbaji, kwa kadiri ya thamani ya jengo lake. Hatuulizi umeuza nini. Tunauliza, mgeni akija kulipanga jengo hilo, angelipa kodi kiasi gani? Siku ya gulio mthamini atasema. Nami nikinguruma, hesabu imefungwa, haifunguliwi tena."

"Mthamini ni nani, Mheshimiwa?" akauliza Sungura.

"Fisi. Ana pua."

Hakuna aliyeelewa pua inahusiana vipi na majengo, ila Simba akishasema huwa hapendi kuulizwa.

Fisi alianza kazi siku ileile, akicheka njia nzima. Aliyempa mfupa, jengo lake lilishuka thamani papo hapo. Aliyempa paja, jengo lake lilikuwa karibu kuanguka. Bucha yake mwenyewe, ya matofali, yenye baraza pana na mabati mapya, aliipita mbiombio bila hata kugeuza shingo.

"Gofu," alisema. "Debe moja, na hilo ni kwa huruma."

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Sungura kinyozi. Kibanda chake kilikuwa cha fito na udongo, kidogo kiasi kwamba mteja akishakaa, Sungura hulazimika kutoa masikio dirishani. Lakini kilikuwa chake. Fisi alikuwa akikitamani siku nyingi ili apanue bucha, naye Sungura hakuwa na mfupa wa kumpa. Hata angekuwa nao asingetoa.

"Una kioo," Fisi alisema, akijitazama meno. "Duka lenye kioo ni la kifahari. Madebe ishirini."

"Kioo si jengo, Bwana Fisi. Nikihama nahama nacho."

"Ongeza mawili kwa ubishi. Ukishindwa kutoa, kibanda anachukua jirani. Na jirani ndiye mimi."

Kibanda kile Sungura alikijenga na marehemu mama yake, na mtama wa madebe ishirini na mawili hakuwahi kuuona hata ndotoni. Aliingia nyuma ya pazia akalia, analia na bado anawaza. Alipotoka, Simba alikuwa amekaa kitini, amekuja kutengenezwa manyoya.

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa kimya, na Sungura aliijua sababu: Fisi alikuwa amebandika sikio, kama kawaida yake.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya kusikika, "mfereji ukikuta jengo njiani itakuwaje?"

"Litabomolewa."

"Na mwenyewe?"

"Atalipwa fidia. Mimi si mnyang'anyi. Atapewa thamani kamili ya jengo, kutoka ghala langu la nyama."

"Thamani ipi?"

"Iliyotajwa na mthamini. Kwani kuna nyingine?"

Sungura alichana taratibu. "Bucha ya Fisi iko chini kabisa ya mteremko. Mimi ningekuwa maji, ningepita palepale."

Ng'ambo ya ukuta kitu kilianguka kwa kishindo. Kilikuwa Fisi.

Siku ya gulio Fisi alisimama kabla hajaitwa.

"Mheshimiwa, nilikosea. Bucha yangu niliikadiria nikiwa na njaa. Ni matofali yaliyochomwa yale. Msingi ni wa mawe. Iko penye njia panda, mteja akitokea kushoto ni wangu, akitokea kulia ni wangu. Madebe sitini."

"Sitini tu?" Sungura akauliza kwa upole. "Hata vibanda vitatu kama changu haifiki?"

Hilo lilimchoma Fisi. "Vibanda vipi? Hicho ni kizimba cha kuku. Mgeni gani mwenye akili atakipanga? Nusu debe, tena nimekipendelea. Na bucha yangu ni madebe mia."

Soko zima lilianza kucheka bila kujua linacheka nini. Sungura aliuma ncha ya sikio lake ili asicheke mapema.

"Una hakika?" Simba akauliza. "Bucha mia, kibanda nusu?"

"Naapa kwa mifupa yote niliyokula."

Simba akanguruma. Hesabu ikafungwa.

Ndipo Muhanga akainuka, anakuna pua yake ndefu. "Mimi nilipanga kupitia kwenye lile gofu. Kumbe ni matofali yaliyochomwa na msingi wa mawe? Hapana, makucha yangu nayapenda. Nitapita nyuma ya soko, kwenye mchanga."

Fisi akaruka mbele. "Mheshimiwa, ngoja. Lile jengo ni bovu. Mabati yanavuja."

"Mvua haijanyesha mwaka mzima. Umejuaje?"

"Nyufa basi. Zipo nyufa, naapa."

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Ubovu wake unaujua wewe peke yako, Bwana Fisi. Uzuri wake tumeusikia soko zima. Lete mtama."

Fisi alitoa, debe baada ya debe, mpaka ghala lake likabaki linapiga mwangwi. Muhanga na wenzake walishiba wakachimba, na maji yakaingia sokoni yakikimbia. Sungura naye alijitwika nusu debe lake kulipeleka, akicheka mno hata mtama ukamwagika, ikabidi arudi nyumbani kujaza upya.