Kompresa ya Tumbo Kubwa

Tumbo kubwa si pumzi ndefu. Mmelisikia neno hilo jana kwenye mkutano wa kijiji, mzee mmoja alipompiga kijembe yule mgombea anayejisifu, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mmeniuliza limetoka wapi. Nitawaambia, ila endeleeni kukanda huo udongo, haukandiki kwa masikio. Na msicheke. Mimi huwa silicheki, na binti yangu Veneranda huinuka akaondoka kila linaposemwa. Methali hii ilianzia hapahapa kijijini, na mimi ndimi niliyeisababisha.

Miaka ile sisi wafinyanzi wanawake tulikuwa na kikundi, nami nilikuwa mwenyekiti. Maji tuliyafuata bondeni, saa mbili kwenda na kurudi, na udongo bila maji ni vumbi tu. Tukaamua kuchimba kisima chetu wenyewe. Mchimbaji hatukumtafuta mbali. Mghenyi, mume wa Veneranda, alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye machimbo ya dhahabu, na hakuna aliyejua mambo ya mashimo kama yeye.

Mghenyi alichimba mita kumi na moja akakuta maji. Mngedhani hapo ndipo pa kushangilia, kumbe ndipo taabu ilipoanza. Kisima kikiishia pale maji yanapochungulia, kiangazi kikija kinakauka. Ilibidi achimbe zaidi, na maji yavutwe huku yeye akiwa chini anachimba. Pampu ya petroli hakutaka hata kuisikia. Kijiji cha jirani waliishusha moja shimoni, moshi wake ukaua watu wawili kabla ya chakula cha mchana. Alichotaka ni pampu ya upepo, kama ile waliyotumia machimboni. Ndani yake ina viwambo viwili vya mpira. Upepo unavisukuma, kimoja kinavuta maji na kingine kinayatoa, kwa zamu. Chini hakuna moshi wala umeme. Upepo wenyewe unatoka juu, kwenye kompresa, unashuka kwa bomba refu.

Pampu tuliipata. Ikabaki kompresa, na watu watatu tukaenda kuinunua Singida mjini: mimi, Mama Sinda aliyekuwa katibu wetu, na Mghenyi.

Sasa hapa mnielewe vizuri. Ninyi mnakaa meza moja na wakwe zenu mnataniana. Sisi hatukuwa hivyo. Mkwe wangu alinipisha njia, hakunitazama usoni, na akiwa na neno la kuniambia alimpa mtu mwingine anifikishie. Ilikuwa heshima. Na mimi niliipenda, nisiwadanganye.

Dukani kulikuwa na kompresa mbili za dizeli. Moja ilikuwa na tangi jekundu kubwa ajabu, mtu mzima angeweza kujikunja akalala ndani. Ya pili ilikuwa na katangi kembamba, ila juu yake pamekaa kichwa kizito chenye pistoni mbili. Mfinyanzi huchagua kwa tumbo. Nikaligonga lile tangi jekundu kwa vifundo vya vidole, kama ninavyogonga mtungi uliotoka motoni, likaitika vizuri mpaka moyo wangu ukatulia. Nikasema tunachukua hii.

Mghenyi alikuwa amesimama nyuma, anaangalia sakafu.

"Mama Sinda," akasema taratibu, "naomba umwambie Mama kwamba tangi ni ghala tu. Upepo unatengenezwa na kichwa. Pampu yetu inakula upepo mfululizo, na kichwa cha hii nyekundu ni kidogo. Ikishamaliza uliomo, itatuweka tusubiri hadi ijaze tena. Ile nyembamba haitatusubirisha. Tumbo kubwa si pumzi ndefu."

Mama Sinda akanigeukia. Nilikuwa nimesikia kila neno, na muuzaji pia amesikia, na ndicho kilichoniudhi.

"Mwambie mkwe wangu nimefinyanga mitungi tangu hajazaliwa," nikasema. "Chombo chenye tumbo la njaa kitamnywesha nani?"

Muuzaji akacheka. Mghenyi akafungua kinywa tena, nikamkata kwa mkono. Akainamisha kichwa. "Mama amesema," akajibu, na hilo likawa la mwisho. Angekuwa mtu baki angebishana nami mpaka jua lizame, na pengine angenishinda. Lakini alikuwa mkwe.

Tukaja na kompresa yetu nyekundu, watu wakaipokea kwa vigelegele. Na ikawa kama alivyosema. Pampu ilivuta kwa nguvu dakika kumi, kisha ikaanza kulegea, kisha ikakata kabisa. Tukasubiri tangi lijae, karibu nusu saa. Maji shimoni yakapanda. Pampu ikavuta tena, maji yakashuka. Ikakata tena. Hivyo kutwa, siku hata siku, na kila ilipokata Mghenyi alipandishwa juu kwa kamba, ikiwaka akashushwa.

Hakunung'unika hata siku moja. Kila asubuhi alifungua kizibo chini ya tangi akatoa maji yanayojikusanya ndani, maana maji yakipita kwenye bomba huharibu pampu. Alikung'uta vumbi kwenye chujio, akapima oili, akakaza mkanda. Kompresa ambayo hakuichagua aliitunza kuliko sisi tuliomchagulia. Nilikuwa nikimwona nikafurahi, nikamwambia Mama Sinda, "Unaona? Ameshaipenda."

Wiki ya tatu alimtuma Mama Sinda kwangu. Maji yakipanda na kushuka, alisema, ukuta wa shimo unalegea. Anaomba tusimame mpaka zile pete za zege za kushikilia ukuta zikauke, tuzishushe kwanza. Zilibaki siku nne. Nikasema siku nne ni nyingi, mwenge wa harusi haungoji kuku. Hata methali yenyewe haipo, niliitunga palepale, na Mama Sinda akaibeba akampelekea mtu aliyekuwa anaomba uhai wake.

Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana. Alikuwa ameshapandishwa na kushushwa mara saba, wavuta kamba wamechoka, na mimi nimechoka kuwatazama. Pampu ikakata mara ya nane. Wakashika kamba. Nikasema, "Mwacheni hukohuko. Upepo unajaa sasa hivi. Maji ya magotini hayajamwua mtu."

Wakanitazama. Nikasogea mdomoni mwa shimo, mimi mwenyewe, bila Mama Sinda, nikaita: "Mghenyi, subiri hukohuko, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye uso kwa uso, kama unaweza kuita ule uso kwa uso. Alikuwa mita kumi na tatu chini, maji yanampanda. Akainua macho.

"Sawa, Mama," akasema.

Ukuta haukulia. Uliteleza tu upande mmoja, kimya, kisha upande wa pili. Waliposhtuka na kuvuta kamba, haikuja.

Wanaume walichimba kwa zamu, lakini maji yalijaa kila walipofika nusu. Kompresa yetu ilivuta dakika kumi, ikapumzika. Dakika kumi, ikapumzika. Tulisimama pale tukiingojea ijaze tumbo lake huku mtu wetu akiwa chini, na Veneranda amekaa ukingoni na mimba ya miezi saba. Mama Sinda alipanda lori akaenda mjini. Kesho yake asubuhi akarudi na yule muuzaji, wamebeba kompresa ile nyembamba. Muuzaji aliileta bila kutudai chochote, na hakucheka safari hii.

Iliwashwa saa mbili. Ilivuta saa tatu, saa nne, saa tano. Sikuondoka. Nilikuwa nasikiliza itakata lini, na nawaambia kweli, niliomba ikate. Nilitaka hata mara moja tu isimame kujaza, ili niseme zote ni sawa. Haikusimama. Maji yalishuka na hayakupanda tena, na saa nane wakamfikia.

Matangani watu walisema yale yanayosemwa, kwamba ni kazi ya Mungu, kwamba siku yake ilikuwa imefika. Nikasimama.

"Msimsingizie Mungu," nikasema. "Mghenyi aliniambia dukani, tumbo kubwa si pumzi ndefu. Mimi ndiye niliyechagua tumbo."

Kisha Veneranda akauliza kutoka pale mkekani, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, alikuambia mara ngapi?"

"Mara moja. Ya pili nilimkata."

Akaitikia kwa kichwa. Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Alijifungua miezi miwili baadaye, na mtoto nilimwona akiwa ameshaanza kutembea.

Kisima tulichimba kingine, kwa kompresa nyembamba, pete za zege zikitangulia. Kilimalizika kwa siku kumi na moja. Neno la Mghenyi likabaki vinywani mwa watu. Mwanzoni walilisema kwa kunong'ona, wakichagua kiongozi, wakichagua fundi, wakichagua mchumba. Baadaye wakaja watu wasiomjua, wakalifanya la mzaha. Siwalaumu. Lakini ninyi sasa mnajua ni neno la mtu aliyelisema mara moja tu, kwa adabu, akanyamazishwa. Basi mtu mpole akiwaambia jambo huku anaangalia sakafu, mwacheni alimalize. Tumbo kubwa si pumzi ndefu.