Barua Nne za Bi Mwantumu

Sogeeni karibu, na walio nyuma wasikie. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hii si hadithi ya kumlaza mtu. Nitawapa watu wanne, wote wema, na jambo moja baya walilolifanya. Kazi ya kumtafuta mwenye kosa ni yenu. Mimi nimeshindwa, na nikikumbuka nakasirika.

Wa kwanza ni Maalim Mbaruku wa mtaa wa Kwemhosi, nje kidogo ya Muheza. Kipaji chake ni uaminifu. Mtaa mzima unatumia sanduku moja la posta, la madrasa, na ufunguo anao yeye. Kila Ijumaa baada ya sala hukaa barazani na mkoba wake wa ngozi, akaita majina, kila mtu akapokea barua yake mkononi. Miaka ishirini na mitatu haijapotea barua hata moja, wala haijafunguliwa ya mtu.

Wa pili ni Hatibu, mfanyabiashara wa machungwa. Kipaji chake ni kutunza mali ya watu. Ukisafiri ukamwachia kuku, utarudi umkute kuku na vifaranga vyake, na mayai yaliyoharibika atakuonyesha maganda ili usije ukamdhania.

Wa tatu ni Mcharo, karani wa kadi za mkopo katika benki moja ya mjini. Kipaji chake ni tarehe. Kinachotakiwa kutoka tarehe tatu, kwake hutoka tarehe tatu, hata kama anaumwa jino.

Wa nne ni Bi Mwantumu, muuza vitenge. Kipaji chake ni kujisitiri. Hajawahi kugonga mlango wa jirani kuomba chumvi. Siku ambayo hakuna cha kupika, huinjika sufuria ya maji mekoni, moshi utoke, watu wasijue.

Bi Mwantumu ana binti wa miaka tisa, Saumu. Huyu msimtie kwenye hesabu ya makosa. Saumu ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilizima akiwa na miaka saba. La kulia lilikuwa bado linaona, lakini daktari alisema lisipopasuliwa mwaka huu nalo litazima. Bingwa wa upasuaji huo huja hospitali ya rufaa mara moja tu kwa mwaka. Gharama ni shilingi milioni nne, zilipwe zote kabla mtoto hajaingizwa ndani.

Milioni nne hizo zilikuwapo. Bi Mwantumu na mumewe, Mndolwa, walizikusanya kwa miaka mitatu wakaziweka amana benki. Ndipo benki ikamwambia, "Mama, kwa kuwa una amana kwetu, chukua na kadi ya mkopo. Utanunua vitenge leo, sisi tutakuletea taarifa ya deni, utalipa mwezi unaofuata. Amana yako ndiyo dhamana." Akasaini. Anwani akaandika sanduku la madrasa. Simu akaandika ya mumewe, kwa sababu yake betri ilikuwa haikai na chaji.

Mwezi mmoja baadaye Mndolwa alianguka mlangoni akifunga kamba za viatu, akafa palepale. Wali wa msiba, mafuta, sukari na mbuzi wa khitma vyote vikanunuliwa kwa kadi, shilingi laki nne na ishirini. Rambirambi zilipoingia, Bi Mwantumu alihesabu laki nne na ishirini akazifunga kwenye pindo la khanga. Akasema, "Hizi ni za benki. Barua ikija, nalipa siku hiyohiyo." Kisha akaingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki.

Sasa fungueni masikio, maana hapa ndipo kila mmoja alipofanya lake.

Mcharo alituma taarifa ya deni tarehe tatu. Malipo hayakuja, akaongeza adhabu ya kuchelewa, akatuma ya pili tarehe tatu. Akatuma na ya tatu. Alipiga simu mara kumi na moja, ikawa haipatikani. Mwenzake wa dirisha la pili akamwambia, "Muheza si mbali, Mcharo. Nenda ukamwone huyo mama." Mcharo akajibu, "Utaratibu unasema barua na simu. Haunitumi kwenda kubisha hodi nyumbani kwa watu." Mwezi wa nne ulipofika akavunja amana, benki ikachukua chake, akatuma barua ya kuarifu. Tarehe tatu.

Maalim Mbaruku alizipokea barua zote nne. Pale Kwemhosi wana desturi yao: nyumba yenye eda haipelekewi karatasi. Zamani mjane mmoja aliletewa hati ya madai siku ya tatu ya msiba, akaisoma, akaanguka, na hakuinuka tena. Tangu hapo barua za mjane hukaa kwa Maalim mpaka atoke eda. Maalim alizifunga kwenye kitambaa cheupe akazitia mkobani. Kila Ijumaa alipofika kwenye jina la Mwantumu aliliruka kimyakimya, na waliosikia kimya kile walimheshimu.

Hatibu ni mdogo wake Mndolwa. Siku ya mazishi aliichukua simu ya marehemu, akaizima, akaifungia sandukuni pamoja na saa na cheti cha baiskeli. Alisema mali ya maiti haiguswi mpaka warithi wakae. Mara kumi na moja Mcharo alipiga simu ile, nayo imelala gizani imezimwa. Ukimuuliza Hatibu atakwambia hajatumia hata shilingi moja iliyokuwamo ndani yake, na ni kweli.

Bi Mwantumu alikuwa anajua ana deni. Mwezi wa pili alimuuliza shemeji yake, "Benki hawajaleta barua?" Hatibu akajibu, "Mimi sijasikia, shemeji." Hakuuliza tena. Kumtuma mtu kwa Maalim aliona aibu, wasije wakasema kaburi halijakauka na mjane keshaanza habari za pesa. Kila usiku alilipapasa pindo la khanga, akalikuta zito, akalala.

Eda ikaisha siku ya Jumatano. Maalim Mbaruku akaja mwenyewe, amevaa kanzu ya sikukuu.

"Hodi hapa. Pole na kutoka, mwanangu. Amana yako hii."

Akafungua kitambaa cheupe mbele yake. Jamani, mzee wa watu alikuwa anatabasamu!

Bi Mwantumu akasoma barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne aliisoma amekaa chini. Benki imechukua laki nne na ishirini za deni, na juu yake laki nne na themanini: riba, adhabu za kuchelewa na gharama za kuvunja amana. Akafungua pindo la khanga, akarudisha zile laki nne na ishirini kwenye hesabu. Pengo likabaki laki nne na themanini. Bingwa alikuwa anafika baada ya siku kumi na moja.

"Maalim," akasema, "hizi zilikuja lini?"

"Kila mwezi, mwanangu. Nilikutunzia."

Mwenyekiti wa mtaa, Bi Nyange, akaita kikao Ijumaa. Mcharo naye akaja, tena kwa nauli yake, na fomu mkononi.

"Mama," akasema, "kama barua hazikufika kwenye sanduku lako, benki inafuta adhabu yote. Jaza hapa, weka sahihi. Mimi siulizi zaidi."

Watu wakamwangalia. Kalamu ilikuwa tayari. Maalim aliinamisha kichwa, na nawaapia, siku ile hata yeye angekaa kimya.

Bi Mwantumu akasema, "Zilifika. Siwezi kununua jicho la mwanangu kwa uongo."

Hatibu akasema aliyeshika barua ndiye alipe. Maalim akasema simu ingekuwa hewani, barua zisingekuwa na kazi. Wote wawili wakamgeukia Mcharo: mwenye miguu na nauli, mbona hakuja mapema kama alivyokuja leo? Mcharo akasema aliyekopa ndiye anayejua amekopa. Kila mmoja alisema kweli, na kila kweli ilikuwa na majibu. Jirani mmoja akasema, "Basi tupitishe mchango, sote tutoe kidogokidogo." Bi Mwantumu akakataa. "Sitembezi bakuli kwa kosa la mtu. Mwenye kosa atajwe, alipe."

Kikao kikaahirishwa mpaka Jumatatu. Jumatatu kikaahirishwa mpaka Alhamisi. Na mtaa mzima ukafunga mikono, maana kesi ilikuwa na wenyewe na kila mtu anangoja hukumu.

Hukumu haikutoka. Siku ya kumi na moja Bi Mwantumu alikwenda hospitali na pesa pungufu, akarudishwa kwenye dirisha la malipo. Bingwa alikaa siku tano akaondoka zake. Miezi miwili haikupita, asubuhi moja Saumu akamwambia mama yake afungue dirisha. Dirisha lilikuwa wazi.

Sasa sikilizeni kilichoniudhi kuliko yote. Jioni ile Maalim Mbaruku alikuja na bahasha. Ameuza ng'ombe wake wa maziwa. Hajakaa vizuri, Hatibu akaingia na bahasha, ameuza machungwa yangali mtini. Kesho yake akaja Mcharo na bahasha, mkopo wa mshahara. Kila bahasha ina laki nne na themanini kamili. Walikuwa nazo! Au tuseme walikuwa na pa kuzitoa, kila mmoja peke yake, tangu ile Ijumaa ya kwanza. Lakini kutoa siku ile kulikuwa ni kukiri kosa, na wao ni watu wema, hawajazoea kuwa na kosa.

Bahasha tatu zimewekwa mkekani. Bi Mwantumu hakuzigusa. Alimwita Bi Nyange akamwambia hivi:

"Mwenyekiti, ya mwenye kosa ni haki ya mwanangu, nitaipokea, imsomeshe shule ya wasioona. Za wasio na kosa ni sadaka, wazichukue warudi nazo. Na kama kosa ni langu, niliyenyamaza na kukataa mchango, basi wote watatu wachukue pesa zao. Nitajie tu."

Bi Nyange aliangalia bahasha, akawaangalia wale watu wazima watatu waliokaa wamejiinamia. Akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza kunywa akasema hawezi, akaondoka bila kuaga.

Saumu alikuwa amekaa kando ya mama yake. Akanyoosha mkono, akapapasa mkekani mpaka akazipata zote tatu, akazipanga vizuri moja pembeni ya nyingine. Akauliza, "Mama, zinafanana. Ya nani ni ipi?"

Mimi nimeishia hapo, sina zaidi. Nyinyi mliosikia yote, na macho mnayo: mtoto anangoja kujibiwa. Je, mngemwekea ipi mkononi?