Alama ya Pili Mlangoni

Ilianza siku ya Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi, Naetwe alipotaka kuinuka kigodani na magoti yake yakakataa. Siku zile mkongojo haukuwapo duniani. Mzee aliyeishiwa magoti alibebwa mgongoni, na bibi aliyebebwa hakupewa mtoto mchanga ampakate, kwa hofu kwamba angemwangusha. Naye Nanzia, binti yake, alikuwa amejifungua siku mbili kabla, ng'ambo ya bonde.

Mbonea, mume wa Naetwe, alikumbuka jinsi mkewe alivyozoea kupumzika shambani kwa kuegemea mpini wa jembe. Akakata mti wa mkole, akaumenya, akaulainisha kwa mchanga. Kipimo hakukitafuta mbali. Katika milima ya kwao bibi harusi alisimamishwa mlangoni siku ya kuingia, mkono ukining'inia, na mwimo wa mlango ukachongwa alama usawa wa kifundo cha mkono wake, ili mpini wa jembe lake ukatwe kwa urefu huo. Mbonea aliipima fimbo kwa alama ya Naetwe, iliyokuwa na miaka arobaini na mitatu.

Mchana wakaondoka kwenda kwa Nanzia. Kufikia hatua ya kumi na saba bega la Naetwe lilikuwa limepanda karibu na sikio. Fimbo ikamsukuma nyuma, akaketi kwenye matope ya mfereji.

"Baba Nanzia," akasema, "fimbo hii umemkatia nani?"

"Wewe."

"Au yule mwenye shingo ya twiga aliyeingia kwako na shanga? Yule alishaondoka zamani."

Mbonea alimfuta matope bila kucheka. "Nikiipunguza," akasema kwa shida, "nitakuwa nimekupunguza wewe."

"Nimeshapungua. Ni wewe tu hujaona. Twende ukachukue kisu, nataka kumshika mjukuu wangu."

Jioni ile Naetwe alisimama mlangoni na viatu vyake vya ngozi, mgongo ukiwa umepinda kama ulivyopinda. Mbonea akachonga alama ya pili, vidole vinne chini ya ile ya kwanza. Akaitazama kidogo, kisha akaikata fimbo.

Na tangu jioni hiyo mkongojo hupimwa mwenyewe akiwa amesimama, amevaa viatu vyake, hadi kwenye kifundo cha mkono. Haukatwi kwa kumkumbuka mtu alivyokuwa. Ndiyo maana pia nyumba za wazee kule zina alama mbili mwimoni.

Asubuhi iliyofuata Naetwe alivuka bonde, akipumzika mara nne. Kwa Nanzia aliegemeza fimbo ukutani, akaketi, akanyoosha mikono yote miwili.